Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi



Katika mtaa wetu hapa Kikula yuko kijana mmoja auzaye uniti za simu chini ya mwavuli, kando ya barabara. Kila auzapo huandika katika daftari: saa, namba ya mteja, kiasi cha franka. Jioni hujumlisha, na hesabu yake haipungui hata franka mia. Wapita njia humsifu kwa uaminifu wake. Ni wachache wanaojua kwamba daftari lile si ushahidi wa uaminifu peke yake, bali ndilo kumbukumbu lake. Asipoandika mara moja, baada ya dakika chache jambo limekwisha kumtoka.

Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa ualimu. Alikuwa katika mwaka wa pili aliporushwa kutoka pikipiki aliyokuwa amepanda nyuma ya dereva, bila kofia ya kujikinga, akaangukia kichwa. Alilala hospitalini siku nyingi bila kumtambua hata mama yake mzazi. Sisi wa jumuiya tulisali, tukachanga fedha za dawa, tukapokezana zamu za usiku kando ya kitanda. Alipofumbua macho na kumwita mama yake, tuliimba, tukatoa sadaka ya shukrani. Kisha kila mmoja akarudi nyumbani kwake, akiamini kwamba kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa haijaanza.

Baada ya miezi kadhaa alirudi darasani. Alitembea, aliongea, alicheka, wala hakuwa na kovu la kumtisha mtu. Alipofika wakati wa mazoezi ya kufundisha, aliletwa katika shule ambamo sisi tuandikao haya tulikuwa miongoni mwa walimu waliomsimamia. Alilijua somo lake. Lakini wanafunzi walipopiga kelele alipoteza uzi wa maneno yake, akawa anarudi mara kwa mara kwenye karatasi yake ya maandalizi. Nasi tulimkata alama. Tuliandika kwa kalamu nyekundu kwamba mwalimu asiyeweza kuiacha karatasi yake hajakomaa. Mwaka ule alishindwa, mwaka uliofuata familia haikuwa tena na minervali ya kulipa, na mambo yakaishia chini ya mwavuli.

Tunayasema haya hadharani kwa sababu tumechoka kuyasikia yakisemwa kwa kunong'ona, tena na watu wanaomlaumu kijana. Padre husimama altareni kila siku akisoma misale aliyoisoma kwa miaka thelathini, wala hatujasikia muumini akilalamika kwamba padre huyo hajakomaa. Hakimu husoma hukumu yake. Mwongoza kwaya hushika kitabu chake. Rubani hufuata orodha iliyoandikwa kabla ya kuirusha ndege, na abiria humshukuru Mungu kwamba anaifuata. Ni kijana mmoja tu, aliyetoka katika mlango wa kaburi, tuliyemwambia kwamba karatasi ni aibu.

Basi swali letu si kama wanafunzi walioumia ubongo wanaweza kusoma. Swali ni kwa nini sisi, wazazi, walimu, wakuu wa vyuo na waamini, tunawaondoa katika masomo kisha tunasema wameshindwa wenyewe.

Tuanze na ujinga wetu, maana ndio mzazi wa ukatili wetu. Mfupa wa mguu ukivunjika, kila mtu huona bandeji, na hakuna amwambiaye mgonjwa apande ngazi mbio. Ubongo ukiumia, jeraha hukaa ndani, penye giza. Mtu hupona sura kabla ya kupona nguvu za akili. Huchoka upesi, kwa sababu kazi ambayo zamani ubongo wake uliifanya bila taabu, kama vile kumsikiliza mwalimu huku ukiandika, sasa inadai nguvu zake zote. Maneno mapya hayakai. Mambo mawili yanayokuja pamoja humzidi. Mwanga mkali na kelele humuumiza kichwa. Na kama sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo iliyojeruhiwa, hupungukiwa na uwezo wa kupanga shughuli zake, wa kuanza jambo bila kusukumwa, na wa kuzuia hasira. Hata hivyo akili yake ya kuelewa inaweza kuwa nzima, na yale aliyojifunza kabla ya ajali yakawa bado yamo.

Jambo hili si fumbo jipya. Mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, fundi wa reli aitwaye Phineas Gage alipenywa kichwani na mtarimbo wa chuma. Aliishi, akatembea na kusema, lakini marafiki zake walishuhudia kwamba tabia yake ilikuwa imegeuka. Yapata miaka mia na themanini imepita, nasi bado tunamwona kijana aliyegeuka tabia baada ya kuumia kichwa, tunatafuta aliyemroga.

Wala pikipiki si mlango pekee. Wako vijana wanaoingia katika mashimo ya madini wakati wa likizo ili wapate fedha za chuo, na jiwe linawaangukia. Wako waliougua uti wa mgongo. Wako waliopatwa utotoni na malaria ile inayopanda kichwani. Katika hospitali ya Mulago, jijini Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka mitano hadi kumi na miwili waliopona malaria hiyo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba, baada ya miaka miwili, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu katika akili ya kujifunza. Watoto wa namna hiyo hukua. Wengine hufaulu mtihani wa taifa na kufika vyuoni. Tunao madarasani mwetu, hatuwajui, na wao wenyewe hawajui kwa nini wanachoka kabla ya wenzao.

Mahali pa ujuzi tumeweka maneno matatu, na kila moja ni uongo.

Uongo wa kwanza ni uvivu. Tunamwona kijana amelaza kichwa juu ya meza saa nne asubuhi, tunasema hana bidii. Lakini mvivu ni yule mwenye nguvu asiyetaka kuzitumia. Huyu amezitumia zote kabla ya saa nne, kwa kupanda gari lililojaa watu, kwa kusikiliza somo la kwanza katikati ya makelele ya wenzake mia mbili. Kumwita mvivu ni sawa na kumwita mwizi mtu aliyeibiwa.

Uongo wa pili ni uchawi. Juu ya huu hatuna budi kusema kwa ukali, kwa sababu unaua. Jeraha la ubongo laweza kuacha kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetibiwa ipasavyo, na dawa mojawapo ya zamani, fenobarbitali, ni ya bei nafuu. Lakini mgonjwa akiiacha ghafla, degedege hurudi, pengine kwa nguvu kuliko mwanzo. Sasa fikirini kijana anayepelekwa katika chumba cha maombi, akaamriwa kufunga siku saba bila chakula wala kidonge ili pepo limtoke, akaanguka siku ya tatu, na kuanguka kwake kukahesabiwa kuwa ushahidi wa pepo. Ni nani hapo aliye mtumishi wa giza? Sala na dawa havijawahi kugombana. Mjini Lubumbashi, Mabruda wa Upendo wana kituo cha magonjwa ya ubongo na ya akili chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Gand, Ubelgiji, aliyefariki mwaka 1860. Watawa hao husali kila siku, na kila siku huwapa wagonjwa dawa. Aliye na imani kuliko wao na atuonyeshe.

Uongo wa tatu umevaa suti, nao husemwa ofisini: "Tukiwapendelea hawa, diploma itashuka thamani." Hoja hii inastahili jibu la taratibu, kwa maana wanaoisema si watu wabaya wote. Ni kweli kwamba muuguzi lazima ajue kipimo cha dawa, na mwalimu lazima ajue anachofundisha. Hatuombi mtu yeyote apewe alama asizozipata. Tunauliza tu: mtihani unapima nini? Kama unapima ujuzi wa sheria, au wa historia, au wa ufundishaji wa hesabu, basi mwanafunzi aliyeonyesha ujuzi huo kwa saa tatu badala ya mbili, katika chumba tulivu badala ya ukumbi wenye kelele, ameonyesha ujuzi uleule. Kama unapima mbio, iandikwe basi juu ya diploma kwamba mhusika amehitimu mbio. Mwenye macho dhaifu tunamruhusu miwani, wala hatusemi kwamba miwani imemwibia jirani yake alama.

Hapa tungependa wasomaji wetu wamjue mwanafunzi mmoja wa nchi ya mbali. Jina lake Zasetsky, Mrusi, aliyekuwa akisoma ufundi katika chuo kabla ya vita. Mwaka 1943 risasi ilimpiga kichwani, upande wa kushoto. Alipozinduka hakuweza kusoma, hakuweza kupanga maneno, alisahau hata mahali pa sehemu za mwili wake. Daktari Alexander Luria alipokuwa akimfundisha upya kuandika, herufi moja moja zilimshinda. Siku moja aliambiwa aandike neno zima bila kuinua mkono, kama mkono ulivyozoea tangu shuleni. Mkono ukaandika. Kichwa kilikuwa kimesahau njia, mkono ulikuwa unaikumbuka. Tangu hapo Zasetsky aliandika habari ya maisha yake kwa takriban miaka ishirini na mitano, siku nyingine mistari michache tu, mpaka zikafika kurasa zipatazo elfu tatu, ingawa kuyasoma aliyoyaandika mwenyewe kulimtaabisha. Hakupona. Hatutaki kumdanganya mtu kwa hadithi ya muujiza. Lakini mlango mmoja ulipofungwa, yupo mtu aliyekaa naye, akajaribu mlango wa pili, na wa tatu. Ualimu wote umo katika kitendo hicho. Sisi tulikuwa na kijana aliyekwisha kuupata mlango wake mwenyewe, yaani karatasi yake, tukaufunga kwa wino mwekundu.

Watatuambia: "Huko ni Ulaya, sisi hatuna fedha." Tumelisikia neno hili mpaka limetoboka. Hebu tuhesabu pamoja. Mwanafunzi kupewa silabusi wiki moja kabla ya somo, ili asiandike na kusikiliza kwa wakati mmoja: gharama yake ni nini? Kukaa safu ya mbele, mbali na mlango? Mwenzake mmoja kumwachia daftari lake anakili? Mwalimu kuandika ubaoni maagizo moja baada ya jingine badala ya kuyatamka matano kwa pumzi moja? Nusu saa ya kupumzika katikati ya mtihani? Simu ndogo, ambayo anayo tayari, kulia saa ya somo na saa ya kidonge? Kurudia somo lilelile kidogo kidogo, leo, kesho kutwa, wiki ijayo, badala ya kulimeza usiku mmoja? Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai mashine kutoka ng'ambo. Linalodaiwa ni mwalimu kuacha desturi yake, na hilo ndilo tunaloliona ghali.

Hata mpango wa masomo wenyewe unaturuhusu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya nchi yetu vimeingia katika mfumo wa LMD, ambamo mwaka mmoja una krediti 60, na krediti iliyokwisha kupatikana haipotei. Mfumo huo ungemfaa mno mwanafunzi anayerudi kutoka hospitalini: achukue nusu ya mzigo mwaka huu na nusu mwaka ujao, ubongo upate nafasi. Kwa maana nafuu iliyo ya haraka zaidi huja katika miezi ya kwanza, lakini nafuu haikomi hapo, huendelea polepole kwa miaka. Kumlazimisha mtu abebe mzigo wote mwezi wa tano, kisha kumfukuza kwa sababu ameuangusha, ni kumhukumu kabla ya mashahidi kufika.

Na wale wasioguswa na huruma, tuwakumbushe sheria. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalum za kumlinda kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinataja waziwazi elimu ya juu na mafunzo ya kazi. Tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria namba 22/003 kuhusu ulinzi na maendeleo ya haki za watu hao. Basi mwanafunzi anayeomba muda wa nyongeza haombi sadaka, anadai deni. Ulemavu usioonekana ni ulemavu.

Tunakubali kwamba kuna mipaka, na upendo usiosema kweli ni ubembelezi. Mwenye kifafa kisichotulia asipewe usukani, wala asiwekwe juu ya kamba za mgodi au kando ya tanuru. Aliyeota kuwa mpasuaji huenda akalazimika kuota upya. Lakini kati ya chumba cha upasuaji na mwavuli wa uniti kuna kazi nyingi: maktaba, maabara, uhasibu, ofisi ya paroko, shule ya msingi yenye darasa dogo, karakana ya ufundi. Anayepaswa kuamua ni kijana mwenyewe, akiwa na daktari na mwalimu kando yake, baada ya kujaribu. Haifai aamuliwe na mjomba katika kikao cha familia wiki ya pili baada ya ajali: "Huyu masomo basi, tumtafutie kibanda." Na ninyi wakuu wa viwanda na wa ofisi, msimpokee kijana kwa mazoezi ya kazi kisha mkamrudisha kwa sababu aliuliza agizo moja mara mbili. Mwandikieni. Anayesoma agizo lililoandikwa hakosei kama yule anayejifanya amesikia.

Ni lazima pia tuseme neno juu ya kofia. Uchunguzi uliounganisha tafiti nyingi umeonyesha kwamba kofia ya pikipiki hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42. Hapa kwetu dereva huivaa anapomwona askari, na abiria haivai kamwe. Wazazi wanaouza mbuzi ili kulipa minervali hawanunui kofia ya kukilinda kichwa kilekile wanachokisomesha.

Tumalizie na nyumba yetu wenyewe. Mtu akifa katika jumuiya, fedha za sanduku hupatikana kabla ya jua kutua. Mtu akipona, hatuna mfuko. Tunajua kuomboleza kuliko tunavyojua kusindikiza. Injili inatuonyesha watu wanne waliombeba mgonjwa wa kupooza. Walipoukuta mlango umejaa watu hawakurudi nyumbani wakisema wamejitahidi, walipanda juu wakatoboa dari. Wasomaji wetu wengi wanalipenda simulizi hilo. Sisi tunawauliza: tangu mwaka jana, nani kati yenu ametoboa dari ya ofisi yoyote kwa ajili ya mwanafunzi?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa chama chetu, tena kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza. Kila jumuiya iandike majina ya vijana wake waliowahi kulala bila fahamu na wakaacha masomo, iwatembelee, iwaulize wanataka nini. Kwa kila anayetaka kurudi, wateuliwe watu wawili wa kumsindikiza: mmoja wa kwenda naye kwa daktari apate hati ya kueleza hali yake, mwingine wa kwenda naye kwa mkuu wa chuo na hati hiyo mkononi, akae hapo mpaka jibu litolewe. Na sehemu ya michango yetu ya misiba iwekwe kando kwa ajili ya minervali ya walio hai.

Nchi hii ya Katanga iliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya kiwanda cha Shituru kujengwa. Wahenga waliosema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi wangeeleweka hapa bila mfasiri, kwa maana koleo likivunjika mhunzi hufua jingine, moto ungali unawaka.

Wiki iliyopita tulikwenda chini ya ule mwavuli. Hatukununua uniti. Tulimwomba kijana radhi kwa ajili ya ule wino mwekundu. Alitusikiliza, akafungua daftari lake, akaandika tarehe na jina letu, ili asisahau kwamba tulikuja. Kisha akauliza kama mlango wa kurudi masomoni bado upo. Tulimjibu kwamba tutakwenda naye kuuliza. Ameiandika siku hiyo pia, na sisi hatuna ruhusa ya kuisahau.